Taka za Chekeche

Chekeche ilikwama saa sita na robo mchana, siku ileile ambayo Mzee Sizya Mlekwa alitakiwa azimiwe mashine ya pumzi saa kumi kamili.

Nyamizi Kashindye alikuwa peke yake katika chumba cha picha cha Hospitali ya Isenga, kando ya reli iendayo Tabora. Ndiyo kwanza amefungua hotpoti yake ya wali na maharage, kijiko ki mkononi, mara skrini ikawa nyekundu. Maandishi yakatokea makubwa, kama yanayomfokea: TAKA ZIMEZIDI KIPIMO. CHETI HAKITATOLEWA.

Akakiweka kijiko chini.

"Na wewe nawe umechagua leo," akaiambia skrini, kama mtu anayesema na mbuzi aliyeingia shambani.

Huu ulikuwa mwaka wake wa sita katika ukaguzi wa picha za ubongo, na kazi yenyewe ukiisimulia haina maajabu. Mgonjwa aliyelala usingizi usioamka huvishwa kofia nzito kama sufuria ya shughuli. Ndani ya kofia mna vijicho mia tatu vinavyoupiga ubongo picha, mara elfu kwa sekunde moja. Ila kofia haichagui. Inachukua ubongo, inachukua na meno yakisagana, koo likimeza, ulimi ukigongagonga, kope zikipepesa. Ndiyo maana ikaletwa Chekeche. Programu hiyo hupepeta, pumba huku, mchele huku. Pumba huzitupa kwenye jalala lake. Mchele huupa cheti cha usafi, na picha isiyo na cheti hakuna ruhusa mtu yeyote kuisoma. Cheti kikishatoka, programu nyingine iitwayo Msomaji hutamka moja kati ya mawili: ANASIKIA, au HASIKII.

Mgonjwa akipata HASIKII mara mbili, na siku tisini zimepita, Sheria ya Pumzi inasema mashine yake ihamie kwa anayengoja. Mzee Sizya alishapata ya kwanza. Picha hii iliyokwama ilikuwa ya pili.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni Dokta Rwegoshora, mkuu wa wodi ya mashine, mtu mrefu ambaye siku hizo alikuwa akitembea kama anayebeba gunia lisiloonekana.

"Bi Nyamizi, cheti kiko wapi?"

"Chekeche imegoma, Daktari. Inasema taka nyingi."

"Futa taka."

"Naomba nizitazame kwanza."

"Uzitazame taka?" Akacheka, lakini uso haukucheka. "Mama, huko chini kuna binti anaitwa Limi. Ameumwa na koboko alfajiri, walikwenda kurina asali yeye na mumewe. Dawa ya sumu tumempa, ila kifua kimelala, hakipandi wala hakishuki. Mumewe anampulizia pumzi kwa mfuko wa mkono tangu walipofika. Mashine ninazo sita na zote zina watu. Akipata ya Mzee Sizya, siku mbili tatu sumu itaisha, atapumua mwenyewe, aende akamnyonyeshe mtoto wake. Unanielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi futa."

Akatoka. Viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi mbili mbili.

Nyamizi akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Zamani kitufe hicho hakikuwepo. Chekeche ilikuwa ikimwaga taka zake yenyewe na hakuna aliyeziona. Toleo jipya lililoingia mwezi uliopita ndilo lililoanza kuzihifadhi mpaka mkaguzi akubali zimwagwe. Wenzake walilalamika kwamba kazi imeongezeka. Yeye hakulalamika. Tangu akiwa msichana hajamwaga pumba za ungo bila kuzipitisha vidole, maana mchele nao huruka.

"Bismillahi," akasema, na badala ya kufuta, akafungua.

Taka za kawaida hazina adabu. Kikohozi hutokea popote, meno husagana yakipenda, na ukizichora zote pamoja unapata kitu kama kuku waliopita kwenye unga. Hizi hazikuwa hivyo. Hizi zilikuwa vichuguu kumi na viwili, vya kimo kimoja, vya upana mmoja, vimeachana kwa nafasi sawa kama viti vya harusini.

Nyamizi akasogeza kiti mbele.

"Kikohozi hakijipangi hivi," akanong'ona.

*

Jaribio lenyewe hufanywa hivi. Ndugu wa mgonjwa humwita jina lake mara kumi na mbili. Kila jina linapotajwa, mkaguzi hubonyeza kitufe kuweka alama. Sekunde tatu kabla ya alama, Chekeche huzihesabu kuwa utulivu. Ubongo haujaitwa, kwa hiyo haupaswi kuwa na fujo. Sekunde tatu baada ya alama ndizo za jibu. Fujo yoyote inayoonekana kwenye utulivu Chekeche huiita taka, kisha huitafuta na kuing'oa kila mahali inapoonekana yenye sura hiyo, nyuma na mbele ya alama.

Na vichuguu vyote kumi na viwili vilikuwa kwenye utulivu.

Akavaa visikilizio, akafungua sauti iliyorekodiwa juzi. Akamsikia Mwamvita, binti wa mwisho wa mzee, kwa sauti ya mtu anayejikaza asilie: "Baba, shikamoo." Kimya kidogo. "Sizya Mlekwa." Halafu *tik*, kitufe.

"Baba, shikamoo. Sizya Mlekwa." *Tik.*

Nyamizi akarudisha nyuma. Akaweka sauti na picha zikimbie pamoja. Shikamoo ikatoka, nusu sekunde, kichuguu kikainuka. Shikamoo, nusu sekunde, kichuguu. Akaigeuza picha ya ubongo upande wa kushoto, akaikuza, akatafuta moto umewaka wapi. Uliwaka pale ubongo unapoamrisha midomo na ulimi. Sauti isingeweza kutoka, koo lilikuwa na mpira wa mashine. Lakini ulimi ulikuwa umeamrishwa, na taya lilikuwa limetikisika kwa unywele mmoja, kiasi cha kofia kulinasa na Chekeche kulitupa.

Mzee alikuwa anaitikia marahaba.

Akavivua visikilizio polepole, akavishika mapajani. Na alijua kwa nini marahaba hiyo ilikuwa ikipotea.

Kwa sababu mwongozo wa Chekeche, ulioandikwa ng'ambo, ulisema wazi: *Taja jina tu.* Na ni yeye Nyamizi, si mwingine, aliyeona aibu. Mtoto asimame mbele ya baba yake aliyelala, amwite jina kavu kama anayemwita mwizi? Ni yeye aliyekuwa akimwambia kila mmoja, mwaka hadi mwaka, kwa upole: "Muamkie kwanza, mwanangu, ndiyo umtaje." Kisha yeye hubonyeza kwenye jina, kama mwongozo ulivyotaka. Adabu akaiweka kwenye utulivu, na Chekeche ikaitupa.

Vijana walipopimwa, mama zao na kaka zao waliwaita moja kwa moja. Vijana walisikika. Wazee ndio waliokuwa hawasikii.

Nyamizi akafungua ghala la picha za zamani. Taka zilishamwagwa, ila picha mbichi zilikuwepo, na sauti zilikuwepo. Walioandikiwa HASIKII mara mbili pale Isenga tangu aanze kazi walikuwa kumi na saba. Akampitisha wa kwanza kwenye Chekeche mpya. Bi Siwema, miaka sitini na mmoja. "Mama, shikamoo." Vichuguu.

Wa pili, vichuguu. Wa tatu, hakuna kitu. Ubongo tambarare kama uwanja wa mpira, akamshukuru Mungu na papo hapo akaona haya kwa kushukuru. Wa nne, vichuguu. Wali ukapoa, ukaganda. Saa nane na nusu alipomaliza, kumi na mmoja kati ya kumi na saba walikuwa wameitikia. Na chini ya kila cheti paliandikwa: Picha ni safi. Mkaguzi, N. Kashindye.

Skrini nyekundu bado ilikuwa inamngoja. FUTA TAKA? Ndiyo. Hapana.

Angebonyeza ndiyo, hakuna kiumbe ambaye angejua. Limi angepata pumzi. Wale kumi na mmoja wasingerudi, abonyeze asibonyeze. Alikaa akiitazama ile *Ndiyo* mpaka ikaanza kumcheza machoni. Kisha akainuka na kompyuta yake ya mkononi, akaenda kumtafuta daktari.

*

"Mazoea," Dokta Rwegoshora alisema baada ya kutazama. Walisimama kwenye korido ya wodi ya mashine. Alikuwa amepauka, lakini sauti haikutikisika. "Mtu aliyezirai ukimgonga goti, mguu unaruka. Mguu haujui kitu. Huyu mzee ameamkiwa tangu akiwa na ndevu mbili. Ulimi unajijibia wenyewe, Bi Nyamizi. Siyo fahamu."

Inawezekana alikuwa sahihi. Nyamizi akageuka. Kwenye mkeka kando ya ukuta alikuwa ameketi Bi Kalunde, dada mkubwa wa Mzee Sizya, ajuza mwembamba mwenye tasbihi, na Mwamvita alikuwa amejiinamia pembeni yake. Nyamizi akamtazama yule bibi kwa muda.

"Daktari," akasema, "mazoea yanalijua neno tu. Hayajui limetoka kwa nani."

"Una maana gani?"

"Nipe dakika ishirini na kofia. Wewe umuamkie, halafu dada yake amuamkie."

Daktari akatazama saa ukutani. Ilikuwa inakaribia tisa. Akafumba macho, akayafumbua. "Ishirini. Siyo ishirini na moja."

Wakamvika mzee kofia. Alikuwa amelala chali, uso umekonda, kifua kikipanda na kushuka kwa amri ya mashine. Nyamizi akavuta kiti karibu na skrini. Safari hii kidole chake kingebonyeza kwenye maamkizi.

"Shikamoo, mzee," alisema daktari.

Kichuguu.

"Shikamoo, mzee."

Kichuguu. Mara kumi na mbili, na kila mara. Kufikia ya saba, sauti ya daktari ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mtu anayesoma orodha.

"Ananiitikia mimi?"

"Wewe ni mdogo wake."

"Bado yaweza kuwa mazoea."

"Yaweza." Nyamizi akageuka. "Bi Mkubwa, sasa wewe. Muamkie."

Bi Kalunde akamtazama kama aliyetukanwa. "Nani? Mimi nimuamkie Sizya?"

"Ndiyo, Bibi. Umpe shikamoo."

"Mtoto niliyembeba mgongoni akinikojolea! Nimpe shikamoo, kwani dunia imegeuka?"

"Tunataka kuona kama yeye atajua kwamba imegeuka."

Ajuza akafungua kinywa kusema jingine, akakifunga. Alikuwa ameelewa kabla ya daktari. Akasogea mpaka kando ya kitanda, akajifunga ushungi vizuri, akainama sikioni kwa mdogo wake, na ilikuwa dhahiri kwamba lile neno lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Sizya," akasema. "Shikamoo."

Skrini ikanyamaza.

Nusu sekunde, hakuna. Sekunde, hakuna. Pale pa ulimi palikuwa baridi. Mwamvita akaguna, akauma ncha ya khanga yake, akidhani baba amewaponyoka. Ndipo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayowaka mtu anapokutana na jambo asilolitarajia, ikaanza kupata mwanga, ikaenea, ikawaka yote.

"Tena, Bibi," Nyamizi akasema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Shikamoo, Sizya."

Vilevile. Ulimi kimya, paji lote moto. Mara ya tatu, vilevile. Mara ya nne, kabla Bi Kalunde hajafungua kinywa, kichuguu kikainuka pale pa ulimi. Lakini hakikuwa kile cha marahaba. Kilikuwa kirefu, chenye nundu mbili, na kilipokwisha kikaanza upya, na upya tena, kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango.

"Anasema nini?" Daktari alikuwa ameshika chuma cha kitanda.

"Kofia haisomi maneno, Daktari. Sijui."

"Mimi najua," alisema Bi Kalunde, machozi yakimteremka bila yeye kuyajali. "Ananikataza. Ananiambia, dada, acha, shikamoo wewe. Sizya, basi! Nimesikia. Marahaba, baba. Marahaba. Tulia."

Na kwenye skrini nundu zikapungua, zikashuka, zikatulia.

Daktari akanyoosha mkono kwenye kibao kilichoning'inia kitandani, akaichomoa karatasi ya kuzima mashine saa kumi, akaichana mara mbili.

*

Chumbani kwa picha, Nyamizi akafungua fomu ya hitilafu. Ilikuwa fomu fupi. Idadi ya picha zilizoathirika, akaandika: kumi na moja, na ya leo. Chanzo cha hitilafu: programu, mazingira, au mkaguzi. Akachagua programu, akachagua na mkaguzi. Chini yake palikuwa na onyo kwamba taarifa ikitumwa hairudishwi, na kwamba vyeti vyote vya Chekeche katika hospitali thelathini na moja vitasimama mpaka uchunguzi uishe.

"Usitume leo."

Dokta Rwegoshora alikuwa mlangoni. Safari hii alikuwa amepiga hodi, ila Nyamizi hakuisikia.

"Mzee wako hatazimwa. Hilo limekwisha," alisema. "Lakini nimempigia simu mwenzangu wa hospitali jirani. Anaye mgonjwa mwenye HASIKII ya pili, anazimwa saa kumi na moja. Gari liko tayari, mashine itafika hapa kabla ya isha. Itakuwa ya Limi. Ukituma sasa hivi, cheti chao kinasimama. Tuma kesho asubuhi. Ni usiku mmoja tu, Mama."

"Mgonjwa wao ana umri gani?"

Daktari akakawia. "Ni bibi. Miaka sabini."

"Apimwe upya kwanza. Wamuamkie, waweke alama kwenye maamkizi."

"Kofia yao imeharibika. Fundi anakuja keshokutwa. Limi hana keshokutwa." Akaingia, akaketi kwenye kiti cha wageni, magoti yakigusana. "Labda huyo bibi ni kama yule wa tatu wako. Tambarare. Katika kumi na saba, sita walikuwa hawapo kweli. Wewe mwenyewe umeniambia."

"Alipimwa na nani?"

"Sikuuliza."

"Daktari."

"Alipimwa na Shukuru."

Shukuru alikuja Isenga mwaka juzi, akakaa miezi minne kujifunza. Kijana msikivu. Alikuwa na daftari, kila alichoambiwa alikiandika. Nyamizi alikumbuka akimwambia kwa mdomo wake, *mwongozo unasema hivi, lakini sisi tuna watu wetu. Waache waamkie kwanza*. Na Shukuru akaandika.

Akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Kama huyo bibi hakuwepo, basi yeye alikuwa anakwenda kumnyima pumzi binti wa watu kwa ajili ya mwili mtupu. Kama alikuwepo, hivi sasa amelala anasikia magurudumu ya kitanda yakiandaliwa. Kujua lipi ni lipi, leo, hakukuwa na njia. Angalau mtu angempa njia ya kujua!

"Nikikaa na hili mpaka kesho," akasema taratibu, "itakuwa mara ya kwanza nimefanya nikiwa najua. Wale kumi na mmoja niliwafanyia bila kujua, na hata hivyo sijui nitasimama nao vipi mbele ya Mungu. Huyu wa kumi na mbili nitamwambia nini?"

"Na Limi je? Utamwambia nini Limi?"

"Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Akabonyeza.

Skrini ikafikiri kidogo. Kisha ule wekundu ukaondoka, ukaja ukijani wa kuthibitisha, na papo hapo simu ya daktari ikaanza kuita mfukoni mwake. Haikuishia hapo; ya mezani nayo ikaita. Daktari hakupokea hata moja. Alikaa akiitazama sakafu.

"Umeifunga nchi nzima," alisema, na haikuwa lawama wala sifa.

*

Chumba cha dharura kilikuwa chini kabisa, upande wa jua la jioni. Limi alikuwa mdogo kuliko Nyamizi alivyomdhania, mguu umevimba mpaka ngozi inang'aa, macho yamefunguka nusu. Mumewe, Mihambo, alikuwa amepiga magoti kichwani pake juu ya boksi la dawa. Alikuwa bado na nguo za porini zenye harufu ya moshi wa kufukuzia nyuki. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye mfuko wa mpira. Anaukamua, anauachia, anaukamua, anauachia.

"Mashine imefika?" aliuliza bila kugeuza shingo.

"Haitakuja leo," alisema Nyamizi.

Mikono haikusimama. "Nimeambiwa saa kumi."

"Uliambiwa hivyo kwa sababu ya makosa yangu. Ni mimi niliyekuwa nimeandika kwamba mwenye mashine hayupo. Yupo. Anasikia. Kulikuwa na nyingine ya kutoka hospitali jirani, nayo nimeizuia mimi, maana mwenye nayo sijui kama yupo au hayupo. Naitwa Nyamizi. Nimekuja ili usiambiwe na mtu mwingine."

Mihambo akakamua, akaachia. Akakamua, akaachia. Mshipa wa shingo ulimsimama. Nyamizi alingoja tusi, alilistahili, na alijua asingejitetea.

"Huyo mzee," Mihambo akasema mwishowe, "anasikia kweli?"

"Anasikia kweli. Nimeona."

"Na huyu?"

"Huyu anasikia kila neno tunalosema. Sumu ya koboko inashika kifua na ulimi, akili haiigusi."

Kijana akainama, mdomo ukakaribia sikio la mkewe, kama anayetaka kusema kitu. Lakini pumzi ilikuwa imefika zamu yake, akaikamua kwanza.

"Inahitaji siku ngapi?" akauliza.

"Mbili. Labda tatu."

Aliitikia kwa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na kupauka kwenye maungio, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kinaruka chenyewe.

"Mama, basi usinisemeshe," alisema. "Nitapoteza hesabu."

Nyamizi akatafuta kigoda, akakiweka upande wa pili wa kitanda. Akavua saa, akakunja mikono ya koti mpaka kwenye viwiko, akaketi. Kisha akaanza kuhesabu naye kimoyomoyo, kukamua na kuachia, ili kidole kile kitakapogoma aupokee mfuko bila kuruka pumzi hata moja.